Maziwa ya Kuzima Dawa

Haya nawaambia ninyi tu, mke wangu asijue. Juzi nilienda Homa Bay kupigwa picha ya ini kwa ile mashine ya sumaku. Sista akaniambia, "Mzee, tutakudunga dawa ya kung'arisha picha. Mpaka tumalize, usile wala usinywe kitu."

Dawa gani hiyo ya kumfanya mtu ang'ae ndani? Kwetu Kehancha, ukipulizia tumbaku dawa ya wadudu, unakunywa maziwa yaue sumu. Mimi mjanja nikaona heri niitangulie. Nikanunua chupa ya maziwa kioski cha nje, nikajifungia chooni, nikaimaliza yote.

Niliposukumwa ndani ya lile shimo, mashine ikaanza kugonga kama nyundo. Nikafumba macho, nikaomba kwa Kiswahili na Kikuria, nikingoja sindano. Ghafla ikanyamaza. Sauti ya sista ikatoka kwa spika.

"Mzee, umekunywa kitu?"

"Hata mate sijameza, sista."

"Mzee, dawa yetu bado iko kwa sindano. Sasa hiki kinachong'aa tumboni mwako ni nini?"