Kambale wa Mzee Kanti

Samaki akitoka majini huchukua muda gani kufa? Nilikuwa na miaka tisa, nimejibanza kwenye stoo ya chini ya ngazi katika nyumba ya watu, mtaa wa Rayners Lane huko ughaibuni, nikijiuliza hivyo. Hadi leo harufu ya tope ikinipata, hata ya mtaro tu baada ya mvua, viganja vyangu hulowa jasho.

Mama alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao. Wiki hiyo shule zilifungwa na hakuwa na wa kuniachia, basi akanichukua kazini, jambo lililokatazwa kabisa. Waajiri wakimkuta nami, anafukuzwa. Na viza yetu ilitegemea kazi hiyo.

"Ukisikia kengele, unaingia stoo," aliniambia ndani ya basi. "Hukohoi, hupigi chafya."

Mwenye nyumba, Mzee Kanti, Mhindi mzaliwa wa Nakuru, ujanani alichimba visima Turkana. Sebuleni alifuga kambale mmoja mweusi, mwenye masharubu, mrefu kama mkono wangu, katika tangi la kioo.

"Huyu ni wa mito ya jangwa," alisema. "Mama Neema, leo tumkaange?"

"Mzee, mimi Msabato. Samaki asiye na magamba hata kumgusa simgusi."

"Basi huyu ameokoka."

Mimi sikuridhika. Hana hata gamba moja? Nani alimkagua? Mama alipoingia jikoni, na Mzee akisinzia kitini, nilifunua tangi nikampapasa. Alikuwa laini kama sabuni iliyolowa. Mara akajipinda, akaruka, akaanguka kwenye zulia kwa kishindo.

Kengele ikalia. Mzee akafumbua macho.

Nilijaribu kumrudisha mara mbili, akaniponyoka. Nilisikia hatua za Mama koridoni. Nikachukua tambara bichi la kudekia kwenye ndoo yake, nikamfunga nalo samaki, nikaingia naye stoo.

Msimamizi wa Mama alikuwa na sauti ya upole, na hakuwa na haraka. Aliuliza kuhusu dawa. Akauliza samaki yuko wapi leo.

"Amejificha," alijibu Mzee Kanti. "Ana haya."

Kisha, niliposikia hatua za mgeni zikielekea koridoni, Mzee akamwita akae, akamwagizia chai, akaanza hadithi ya kisima kilichotoa maji ya chumvi, na hadithi haikuisha. Nilimchukia. Kifuani mwangu samaki, akinuka tope, alijinyonganyonga, akatulia, akajinyonganyonga tena, kila mara kwa udhaifu zaidi. Nilishika kitasa cha mlango. Nikafikiria uso wa Mama. Nikakiachia.

Mlango wa mbele ulipofungwa, Mama alifungua stoo. Alinitazama, akatazama tambara. Alimtoa samaki kwa mikono yake mitupu, akamkumbatia, akambeba hadi kwenye tangi. Samaki akazama kama jiwe. Halafu sharubu moja ikacheza.

Mama alinawa kwa sabuni, muda mrefu sana. Nilimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kama sasa yeye Mama amekuwa najisi.

"Nyamaza, Neema."

"Huyo samaki sikuwa na wasiwasi naye," alisema Mzee Kanti. "Wasiwasi wangu ulikuwa wewe."

Nikaona ni mzee asiye na huruma.

Nikiwa chuo kikuu ndipo niliposoma kwamba kambale wa mito inayokauka ana kiungo juu ya matamvua kinachovuta hewa kama pafu. Ngozi yake ikibaki na unyevu, anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Mle stoo, aliyekosa pumzi nilikuwa mimi peke yangu.