Mama wa Maandazi

Damari hakujaliwa mtoto. Mumewe, fundi wa njia ya reli, alifariki kwa ugonjwa wa kifua, na tangu hapo akaishi peke yake Itigi, akikaanga maandazi na kuyauza nje ya uzio wa shule ya sekondari. Unga aliukandia asali badala ya sukari, ndiyo maana maandazi yake yalikuwa meusi kidogo kuliko ya wengine. Wasichana waliyapenda. Naye aliwajua kwa majina, akajua hata nani ametoka kwao bila kunywa chai.

Mwaka ule wasichana walianza kuanguka. Mmoja alipiga yowe darasani akalala sakafuni akitetemeka. Kabla hajainuliwa, wenzake nao walikuwa chini. Mwinjilisti mgeni, aliyekuwa na mkutano karibu na soko, akaletewa hao wasichana awaombee. Akawauliza kwenye kipaza sauti, watu wakiwa wamejaa uwanjani:

"Nani aliwapeleka kuzimu?"

Aliyejibu ni Raheli. Alisema walishushwa chini ya ziwa, wakakuta majumba ya vioo na watu waliovaa suti, wakakalishwa mezani na kunyweshwa damu.

"Aliyetupakulia ni mama wa maandazi. Ni Frimasoni."

Raheli alikuwa binti wa Dorika, rafiki wa Damari tangu usichana wao. Kwaya yote ya kanisa lao ilijua kwamba Damari na Dorika hukaa benchi moja.

Kesho yake Damari alikwenda shuleni na beseni lake. Hakuna aliyenunua. Mwalimu mkuu akatoka kumwomba aondoke. Damari akachukua andazi, akalila mbele yake.

"Ni asali tu, mwalimu."

"Najua, mama. Lakini wazazi wanasema ninyi hamdhuriki na vitu vyenu."

"Sisi akina nani?"

Mwalimu akarudi ndani ya uzio.

Bombani wanawake walimpisha achote kwanza, kisha wakaliosha bomba alipoondoka. Jirani aliyezoea kuja kuomba moto akanunua kiberiti. Kanisani Dorika akahamia benchi la nyuma. Zikapita siku Damari hajaongea na mtu, hata akajikuta jikoni akijisalimia kwa Kinyaturu na kujiitikia mwenyewe.

Mwishowe akaenda kwa Dorika. Alimkuta Raheli uani akichambua mlenda.

"Shikamoo, mama," Raheli akasema, kwa mazoea, kisha akashtuka.

"Marahaba. Raheli, uliniona kweli huko?"

Msichana akainama. "Yule mtumishi wa mkutano aliniambia nisipotaja jina sitafunguliwa. Nikakutaja wewe."

"Kwa nini mimi, mwanangu?"

"Jina lako ndilo lilinijia. Wewe ndiye ulikuwa unaniuliza kila asubuhi kama nimekula."

Dorika alikuwa amesimama mlangoni. Damari akamgeukia. "Umesikia, dada?"

"Nimesikia." Dorika alikuwa akitazama barabarani, ambako wanawake wawili walikuwa wamesimama na ndoo zao. "Lakini nenda kwanza. Wanatuangalia."

Damari akaenda. Njiani hakulia, alilia alipofika nyumbani na kukuta hakuna wa kumweleza.

Mwinjilisti akahamishia mkutano wake Manyoni. Shule zikafungwa, zikafunguliwa, na hakuna aliyeanguka tena. Hakuna pia aliyerudi kumwambia Damari neno. Yeye alihamishia biashara yake stesheni. Treni ikisimama, abiria walinyoosha mikono madirishani, wakanunua, wakasifu ule utamu, wakaondoka. Hawakumjua, na kwa muda ule mfupi alikuwa muuza maandazi tu.

Jumapili moja Dorika alirudi kwenye benchi lao. Damari akamsogezea nafasi. Wakaimba, kila mmoja sauti yake ya zamani, na bado zilipatana. Ibada ilipokwisha Dorika akageuka, akafungua mdomo kutaka kusema. Damari alikuwa ameshainuka. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akashika njia ya nyumbani peke yake.