Maziwa ya Kumpa Mgeni

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, ng'ombe analia nyuma ya nyumba ya wazee ya Muheto, katika vilima vya Masisi. Kiwele kimejaa hadi kimekuwa kigumu. Emérita Mukamurenzi amesimama kando yake, mkononi ameshika chombo cha mti cha kukamulia, alichokiosha na kukifukiza kwa moshi wa majani. Anamwangalia ng'ombe kwa huruma, wala hamgusi.

Msomaji asidhani kwamba Emérita ni mvivu. Kwa wafugaji wa huku, mwanamke haketi chini ya ng'ombe kukamua. Ataosha vyombo, atasukasuka maziwa mpaka siagi itoke, atagawa. Kukamua ni kazi ya mwanaume. Na mwanaume ambaye amekuwa akija kukamua kila alfajiri tangu ng'ombe huyu azae, leo hakutokea.

"Iko mu kitanda," Emérita ananong'ona, huku akizuia kicheko. "Njo miye nilimukataza kukuya."

Mwanaume huyo ni mumewe, Théoneste, na ni Emérita mwenyewe aliyemkataza asije. Na Emérita ana sababu ya kumwacha alale. Katika chumba cha mwisho cha nyumba hii kuna mzee anayeitwa Makuza, aliyekamua ng'ombe tangu ujana wake hadi meno yalipoanza kumtoka, na ambaye sasa anapitisha siku nzima uso wake ukielekea ukutani. Emérita anataka leo atoke.

Emérita ni mpishi na mfuaji hapa, na anafanya kazi kwa masera, kama watu wa huku wanavyowaita watawa wa kike, wanaowatunza wazee hawa. Ni mama wa watoto watano, mnene kidogo, mwenye sauti inayosikika mpaka bondeni. Mshahara wake ni faranga chache pamoja na chumvi na sabuni. Anaamka kukiwa na baridi kali, anawasha moto, anapika uji, anawafulia wazee mablanketi kwenye kijito ambacho maji yake, kwa maneno yake mwenyewe, "inauma kama mbwa".

Wazee wenyewe hawana njaa. Wanakula maharagwe na viazi, wanalala pakavu. Lakini watoto wao wametawanyika. Wengine wako kwenye mashamba makubwa ya wazungu. Wana wa Mzee Makuza walishuka Walikale kuchimba madini, huko Omate, na habari zao huja kwa nadra sana. Upweke wa nyumba hii hauna kelele. Unauona pale mzee anapokunja blanketi lake vizuri, kisha analikunjua na kulikunja tena.

Mwaka jana, 1955, Emérita aliona hali hii haivumiliki. Akasimama mlangoni mwa kanisa baada ya misa na kuwapigia waumini kelele: njooni muwatazame wazee wetu! Watu wa Muheto si wachoyo. Jumapili iliyofuata walikuja wengi, wakulima na wafugaji, na vikapu vya viazi vitamu, maharagwe na ndizi.

Wakakuta uani hakuna mtu. Wazee wote walikuwa vitandani, wamejifunika gubigubi, wakikoroma saa saba mchana.

"Mama Mukankusi alikoroma kama nguruwe," anasema Emérita juu ya mmoja wa wazee hao. "Na ule mama hata usiku hakoromake!"

Wageni waliacha vikapu wakaondoka, wamevunjika moyo. Masera waliogopa kwamba kuna ugonjwa. Emérita alikasirika, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Makuza na kumfunua blanketi.

"Papa, juu ya nini munanipatisha haya?"

Mzee akamjibu bila kugeuka. "Haya? Haya njo weye uliniletea. Unaleta bageni kwangu, na miye sina kitu ya kubapatia. Hata tone ya maziwa. Banikute mikono mitupu, kisha njo bo banipe chakula? Miye niko muntu ao niko kuku?"

Emérita anasema maneno hayo yalimchoma. Yeye mwenyewe amezaliwa katika boma la ng'ombe. Anajua vizuri kwamba mgeni hapokewi kwa mikono mitupu, kwamba mtu asiye na cha kumpa mgeni huomba ardhi ipasuke aingie. Katika haraka yake ya kuwaletea wazee watu, alisahau kwamba mzee naye ni mwenye nyumba.

"Nililia," anasema. "Kisha nikaenda kumusumbua bwana yangu."

Alimsumbua vilivyo. Théoneste ana ng'ombe wachache, na Bihogo, mwekundu mwenye pembe ndefu, ndiye anayempenda kuliko wote. Emérita alimwomba amlete Bihogo alelewe na wazee, jinsi mfugaji anavyomkabidhi mtu ng'ombe ili wawe kama ndugu. Théoneste alikataa msimu mzima wa mvua. Alikubali, asema mkewe, siku alipopakuliwa viazi bila chumvi kwa mara nyingine tena. Bihogo alifika akiwa na mimba, na majuzi amezaa ndama jike. Maziwa ya siku za kwanza hayanywewi na watu; hata yaliyokamuliwa amenyweshwa ndama. Leo ndiyo siku ya kwanza wageni wataweza kunywa, na watu wameshatangaziwa kanisani.

Ila Mzee Makuza bado anatazama ukuta. Asipotoka leo, Emérita hajui tena la kufanya.

Ng'ombe analia tena, kwa nguvu zaidi. Wazee wengine wamejipanga kwenye kibaraza, wana wasiwasi. Hapo anatokea masera mkuu, mwanamke mrefu aliyekulia shambani huko Ulaya. Anauliza kuna nini, anaelezwa, anashangaa.

"Hii tu?" anasema. Anakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, anavuta kigoda, anaelekea kwa Bihogo.

Kibaraza chote kinapiga yowe. Mama Mukankusi anafunika macho.

"Masera anakamua! Mama wee, masera anakamua!"

Mlango wa chumba cha mwisho unafunguka kwa kishindo. Mzee Makuza anatoka, kabuti amelivaa kinyume, kiatu kimoja mguuni, fimbo juu.

"Acha! Acha ile ng'ombe! Munataka akauke maziwa?" Anamfikia masera, anamwondoa kwa adabu lakini kwa uthabiti, anapokea chombo kutoka kwa Emérita na kuchuchumaa. Anamnong'oneza Bihogo maneno ya kumsifu pembe na mwendo. Ng'ombe ananyamaza. Maziwa yanaanza kupiga ndani ya chombo, na povu linapanda.

Emérita amegeukia ukuta. Anacheka na kulia kwa pamoja. Masera naye anacheka, akishusha mikono ya kanzu.

Baada ya misa wageni wanajaa uani. Safari hii hakuna anayekoroma. Mzee Makuza ameketi mlangoni, kabuti limegeuzwa upande wake, viatu viwili. Anampa kila mgeni maziwa kwa mikono miwili, anauliza habari za watoto, za shamba, za njia.

"Unabapimia kama dawa," Mama Mukankusi anamchokoza. "Ongeza!"

"Nyamaza, mama. Kesho njo zamu yako ya kugawa, tutaona."

Mwandishi wa habari hizi naye anapewa yake, matamu, yenye harufu ya moshi, na anajikuta ameeleza habari za ukoo wake wote.

Emérita anaosha vyombo na kutazama ndama anayerukaruka.

"Théoneste amesema hii katoto iko ya wazee," anasema. "Ikikomaa, ikizaa, bo njo batatoa ng'ombe. Batamupa kijana mumoja wa hapa, mwenye kuanza maisha. Na weye unajua, muntu ukimupa ng'ombe, anakuwa mutoto yako. Atakuya kukuamkia, atakuletea kuni, atakuzika. Minaomba Mungu nione ile siku."

Mzee Makuza amesikia. Anageuka na kumkazia macho mwandishi.

"Weye, kijana. Uko na malisho kwenu?"

"Sina hata mbuzi, Papa."

"Basi tafuta malisho," anasema mzee, akimjazia chombo tena. "Miye sina haraka."