Kopo Lisilo na Fomu

Katika maabara yetu yuko dada mmoja anayepima mafuta na losheni za watu, akitafuta kemikali zinazovuruga homoni, zile zinazoweza kumfanya mtoto avunje ungo kabla ya wakati. Haongei sana. Maji ya kunywa huja nayo kwenye chupa ya kioo aliyoivisha soksi, na ukimpa chai kwenye kikombe cha plastiki atakushukuru vizuri, kisha chai itapoa pale pale. Sampuli isiyo na fomu haigusi. Tunamtania kwamba hata mvua ikinyesha ataiuliza fomu yake kwanza. Sasa wiki iliyopita nikaona kwenye foleni yake kopo la mafuta ya nywele lisilo na fomu, lebo imefutika kwa kushikwashikwa. Zamu yake ilipofika akalipima, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akarudia kipimo. Karatasi ya pili ilikuwa mbaya kama ya kwanza.

"La nani hili, dada?" nikamuuliza.

"La nyumbani," akasema, kwa sauti ile ile anayosomea majibu ya wengine. "Binti yangu ana miaka saba. Juzi kaniita bafuni, kaona damu, akadhani kajikata."

Akavuta fomu, akaanza kuijaza kwa mwandiko wake ulionyooka. Penye jina la mtumiaji aliandika "mtoto". Penye muda wa matumizi kalamu ilisimama, nikadhani anahesabu miaka. Kisha akaandika: "Kila Jumapili, tangu nilipoanza kumsuka."