Kibanja cha Nyakato na Namba Yake

Siku moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, mwanangu, bado inanichemsha damu nikiikumbuka. Nilikuwa msichana wa kompyuta katika ofisi ya wakulima wa kahawa hapa Karagwe. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka kila mkulima awe na ukurasa wake kwenye mtandao, waone kahawa inatoka kwa nani.

Programu ilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza familia, na ndani ya kila familia watu wake. Ya pili vibanja, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na ndani ya kila kibanja migomba na mibuni yake. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha.

"Wa kwanza mpe cha kwanza, wa pili cha pili," akaamuru mkubwa wangu. "Wanunuzi wanasubiri."

Nikajaribu, nikaona balaa. Nyakato wa Ihanda alikuwa amefiwa na mumewe. Kwenye orodha ya familia jina la marehemu lilifutwa, na Nyakato akaingizwa mwishoni kabisa. Kwenye orodha ya vibanja shamba lao lilibaki palepale. Basi waliofuata wote wakasogea nafasi moja juu, na kibanja cha mjane kikamwangukia shemeji yake aliyefuata kwenye orodha, yule aliyekuwa akikimezea mate tangu matanga.

Nani huku kwetu asiyejua mulamula, ule mmea wa mpaka usiong'olewa hata mwenye shamba akifa? Kila familia ilikuwa na namba ya uanachama isiyobadilika hata baba akifa, na kibanja chake kilibeba namba hiyohiyo. Huo ndio ulikuwa mulamula wetu. Nikasema nitaunganisha kwa namba.

"Utatuchelewesha! Weka hivyohivyo, tutarekebisha baadaye."

"Mzee, nakuheshimu, lakini hapana. Shemeji akiuona ukurasa huo ataupeleka kwa wazee wa ukoo, na Nyakato atafukuzwa shambani."

Wenzangu wakaninong'oneza, mwenye nguvu mpishe. Sikumpisha! Sikuondoka kitini mpaka kila namba ilipokutana na mwenzake. Nikafukuzwa kazi, na sijuti hata chembe. Msimu ule Nyakato alivuna kahawa yake mwenyewe.

Wewe unayeandika programu leo, usiunganishe mambo ya watu kwa sababu tu yamepangwa sambamba. Tafuta alama ya kila mmoja, uifuate hadi ndani kabisa. Na mkubwa akikuhimiza upotoshe, kataa mchana kweupe. Kazi utapata nyingine. Mjane akinyang'anywa kibanja, hapati kingine. Mungu akupe akili, mwanangu, na akupe shingo ngumu ya kuitetea.