Ndege Kwenye Meza ya Mahari

Shangazi ndiye aliyesema ndege zangu za mbao zifichwe. Alifika Ijumaa, siku moja kabla ya wageni wa mahari yangu, akasimama mlangoni pa sebule yetu mtaani Pioneer akiangalia dari, pale nilipokuwa nimezitundika kwa uzi.

"Hawa watu wakiingia waone hivi vitu, watasema tumewapa mtoto," akasema.

Mama hajawahi kubishana na dada ya Baba. Mimi nilibisha. Kwani nimeua mtu? Kuna wanaokunywa, kuna wanaoshinda saluni wakisengenya watu. Mimi nakata vijiti.

Nilianzia sokoni, kwenye rundo la midoli ya mitumba. Niliokota sanduku lililopondeka kona. Ndani mlikuwa na vibao vya balsa, mbao nyepesi hata ukiiweka kiganjani huisikii, ramani iliyokunjwa, karatasi nyembamba na utepe wa raba ambao ukisokotwa na kuachiliwa huzungusha panga la mbele na kuirusha ndege. Unatandaza ramani, unakata mbavu za bawa kwa wembe, unazishikilia kwa pini hadi gundi ikauke. Kisha unavika karatasi na kuinyunyizia maji ili ikikauka ikaze. Ukiwa na haraka, bawa linapinda na umerudi mwanzo. Hakuna kitu kingine kilichowahi kunituliza kichwa hivyo, na sikuona kwa nini nikionee haya.

Mchumba wangu alijua yote hayo. Yeye ndiye aliyekuwa akinishikia ndege uwanjani, maana kusokota raba kunataka watu wawili: mmoja ashike mwili wa ndege kule nyuma, mwingine aivute raba kwa mbele na kuisokota. Hapa kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo lazima uisokote kupita maelezo ya sandukuni, karibu ikatike, na ikikatika anayeumia ni aliyeshika. Hata siku moja hakuachilia.

Basi nilimpigia simu nikitegemea atakasirika pamoja nami. Akasema, "Si uzitoe tu, ni siku moja."

Hilo liliniuma kuliko maneno ya Shangazi. Huwa inaanza hivyo hivyo, kwa siku moja. Leo ni wageni, kesho mama mkwe amekuja kukaa, kesho kutwa ni mtoto, na ndege zangu zinaozea stoo huku mimi nikiitwa mke mzuri. Nilikata simu nikiwa sijui kama nitaolewa.

Jumamosi niliamka nikakuta dari tupu. Shangazi alikuwa ameniwahi. Nikavalishwa, nikasukwa.

Kwetu, wageni wakishaeleza kilichowaleta, msichana huitwa mbele ya wazee aulizwe kama anawajua watu hawa na kama vitu vyao viliwe. Zamani ilikuwa pombe. Sisi ni watu wa kanisa, tunatumia uji kwenye kibuyu. Akimimina na kumpa baba yake, amekubali. Siku hizi wengi wanaona ni jambo la kupigia picha. Kijana mwenyewe hasemi kitu, ana mzee wa kumsemea.

Nikaitwa kwenye hema lililosimamishwa uani, nikapewa kibuyu.

"Mwanangu, tunywe?" Baba akauliza.

Nikakiweka kibuyu chini. "Bado, Baba."

Nilimpita Shangazi, nikaenda stoo. Ndege zilikuwa nyuma ya viazi vilivyoletwa kutoka Burnt Forest, na gunia moja lilikuwa limeiegemea ile kubwa, ile niliyoijenga msimu wote wa mvua. Bawa lilikuwa linaning'inia. Machozi yalinijaa, lakini hasira ilikuwa nyingi zaidi. Nikaibeba hivyo hivyo hadi mbele ya wazee, nikaiweka mezani.

"Hii nimeijenga mimi," nikasema. "Nitajenga nyingine, na sitazificha kwa mtu. Asiyeweza kukaa nazo nyumba moja aseme sasa, kabla hatujanywa uji wa mtu."

Mama yake kijana akatabasamu kwa upole. "Mwanangu, hivyo ni vitu vya watoto. Ukijaliwa wako, utawapa."

"Nitawatengenezea zao, Mama. Hii ni yangu."

Nikamgeukia mchumba wangu. Msemaji wake akakohoa, akaanza, "Kijana wetu anasema kwamba..."

"Samahani, Mzee. Sijakuuliza wewe."

Nilisikia Mama akivuta pumzi. Kama angebaki kwenye kiti chake, ningekirudisha kibuyu jikoni, na mbuzi wao wa mahari wangerudi walikotoka.

Alisimama. Akapita mbele ya wajomba zake wote, akaja mezani, akaishika ndege kule nyuma, vile huishika uwanjani.

"Mbavu mbili zimevunjika," akasema. Halafu, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya hema: "Nilikosea kwenye simu. Zitakaa sebuleni kwetu."

Nikamimina uji. Baba akanywa, kisha wazee wakanywa.

Shangazi akaja na sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, akaniashiria kwa kidevu niondoe ndege apate mahali pa kuiweka. Nikamwambia mukimo utafutiwe meza nyingine.