Chokaa Kwenye Titi la Mke Mwenzangu

Nasema kweli: niliona wivu, tena ule wa kukunyima usingizi. Biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi, mume wetu pale Bungu alinunua pikapu, akaoa mke wa pili, na safari ya kwanza ya Dar haikuwa yangu. Eti bi mdogo chuchu inamtoka damu, nesi kasema akapigwe picha ya titi. Titi nalo linapigwa picha! Mie nimezaa sita, nani kaniuliza la kwangu?

"Utamsindikiza," mume akaniambia. Nikaenda, nimenuna njia nzima.

Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Punje nyeupe, kama chumvi iliyomwagika.

"Hii ni chokaa inayojijenga ndani ya titi," akasema. "Hizi kubwa za mviringo, zilizotawanyika, hazina neno. Lakini hizi ndogondogo, zisizofanana, zilizojikusanya pamoja, siziamini. Lazima nikate kinyama kikapimwe. Mrudi keshokutwa."

Kwetu habari za maungoni mwa mke mdogo humfikia mume kwa mdomo wa mke mkubwa. Mume aliponiuliza, nikaiona safari ya pili, soda za njiani, kanga mpya, vyote kwa ajili yake.

"Daktari kasema chokaa tu," nikajibu.

Mume akamshukuru Mungu. Bi mdogo alikuwa mlangoni kashika sinia. Akainamisha macho.

Siku tatu akanichotea maji, akaniita dada kama kawaida. Hilo likanichoma kuliko matusi. Siku ya nne nikamkuta uani kaishikilia picha juani.

"Dada, hizi zilizotawanyika nimeziona. Na hizi zilizokusanyika?" Akazigusa kwa kidole. "Nina hofu. Lakini useme wewe, mie siwezi kukuruka."

Nilikwenda miguu mitupu mpaka ghalani kwa mume, nikasema yote mbele ya wapakiaji: chuchu, kinyama, na uongo wangu. Mume akaacha magunia. Akawasha pikapu.

Saratani ilikutwa, changa bado, ikatolewa, naye yu hai mpaka leo. Mie kinachonirudia ni daktari kutuuliza siku ile tuliporudi, "Mbona mmechelewa?" Nikafungua mdomo, bi mdogo akaniwahi.

"Barabara, daktari. Mvua ilikata njia."

Mwezi ule halikudondoka hata tone.